Kamba Kwenye Msumari wa Kinyozi

Kinyozi yule mtaani walimwita Redio, na hakuna mgeni aliyehitaji kuelezwa sababu. Ukikaa tu kwenye kiti chake, kabla hajakufunga kitambaa shingoni, umeshapewa habari za mvua, za mpira wa jana, na za goti la jirani ambaye hata humjui. Alinyoa kwa mkono wa kulia na kuongea kwa wa kushoto, na wateja wapya walikuwa wakiufuata kwa macho ule mkono wa kushoto kwa hofu, wasijue kwamba wa kulia ulikuwa na akili zake. Watu walisema ukitaka habari ifike sokoni kabla yako, nenda kanyoe.

Mkewe, aliyekaa naye tangu wote wawili wakiwa na meno kamili, alikuwa na maneno yake. "Nimeolewa na redio, nimeridhika," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake. "Lakini ina stesheni moja haishiki."

Stesheni hiyo ilikuwa Udugu wa Fundo.

Kila mtu mjini aliufahamu Udugu huo. Ulikuwa chama cha heshima ndani ya kundi la skauti, na mtu hakuweza kuomba kuingia. Mchana mmoja kambini vijana wote walikaa chini na kumchagua mwenzao aliyefanya kazi bila kusukumwa na bila kutaka kuonekana. Tena waliochagua ni wale ambao bado hawajaingia, ili wakubwa wasije wakabebana. Aliyechaguliwa alifungwa kamba kifundoni mwa mkono alfajiri, akafanya kazi kutwa nzima bila kutoa neno, na jioni akafunguliwa mbele ya moto. Basi. Tangu siku hiyo ni ndugu.

Redio aliwanyoa skauti bure kila walipokuwa wanakwenda kambini. Aliwapanga kwenye benchi, akawachana, akawanyoa, akawatia poda shingoni, na katika kazi hiyo yote aliwazungumzia masomo, viatu na dada zao. Mmoja akitaja Udugu, kinyozi aliinama kutafuta kitu kwenye droo. Hakuwahi kukipata.

Binti yake alikuwa mwalimu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wazazi wake wakiwa na wageni. Alisomeshwa kwa mashine ile ile ya kunyolea, jambo aliloliona fahari na hakulificha. Siku za likizo yeye ndiye aliyempelekea baba yake chakula cha mchana, akakaa kwenye benchi akimsubiri, akifuta vumbi la kioo na kupanga chupa za spiriti kwa urefu wake. Kuna mahali pamoja hakuwahi kupafuta. Kando ya kioo palikuwa na msumari, na juu yake ulining'inia mkanda wa kunolea wembe. Nyuma ya mkanda, kama kitu kilichojificha, palining'inia kitanzi kidogo cha kamba iliyochakaa, chenye fundo gumu kama kokwa. Alipokuwa mdogo alikigusa mara moja. Baba yake hakumgombeza. Alinyamaza tu, na kwa mtoto aliyezoea nyumba yenye sauti mchana kutwa, ukimya ule ulimtisha kuliko fimbo. Hakukigusa tena, lakini hakuacha kukitazama, na swali moja lilimkaa kichwani miaka yote: kitanzi kile kilikuwa kidogo mno kupita kiganja cha mtu mzima, na fundo lake halijafunguliwa. Sasa kilitokaje mkononi?

Siku ambayo mambo yalianza kusogea, kwenye kiti alikuwa amekaa katibu wa Udugu, kijana mtanashati wa benki, amekuja kunyoa kwa ajili ya sherehe. Udugu ulikuwa unatimiza miaka hamsini. Moto ungewashwa kwenye uwanja wa shule, wazazi wote wangealikwa, na historia ya kuanzishwa kwake ingesomwa kwa kipaza sauti.

"Tumeipata vizuri sana, mzee," katibu alisema huku kidevu kimeinuliwa. "Waasisi walikuwa watano. Wanne walimaliza siku yao ya kimya. Wa tano alitoroka kazini, akarudi asubuhi yake, na alipoulizwa hakuwa na la kujibu. Majina hatutaji, lakini hilo tumeliweka ili vijana wapate funzo."

Mashine iliendelea kunguruma, lakini haikuwa ikinyoa kitu. Ilikuwa hewani, karibu na sikio la katibu. Mwalimu aliinua macho. Kwenye bega la kushoto la katibu, juu ya sare yake, palishonwa kipande cha kamba: nyuzi tatu zimesukwa pamoja, mbili nyeupe na moja ya kijani. Kilikuwa kimenyooka, kimefunguliwa, kama wanavyovaa ndugu wote. Akaugeukia msumari. Kitanzi kilikuwa na rangi ya chai kwa uchakavu, lakini msuko ulikuwa ule ule, na uzi mmoja kati ya mitatu ulikuwa bado na kijani cha mbali.

Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kutoroka kitu chochote, hata harusi ya mjomba wao iliyostahili kutorokwa. Alijua pia kwamba jina lisipotajwa kwenye kipaza sauti, wazee walioketi nyuma watalitaja wenyewe, na wataligeukia benchi la familia yake ili mtu asikosee.

Katibu alipotoka, alimuuliza baba yake waziwazi kama yeye ndiye wa tano. Redio akafungua droo. Alitafuta, akatafuta, akatoa brashi, na mkononi tayari alikuwa na nyingine ya aina hiyo hiyo.

"Baba, watakusema mbele ya wanafunzi wangu."

Mzee alimtazama kwenye kioo. Midomo ilicheza, kama injini inayokataa kuwaka. Kisha akasema mvua itanyesha jioni, na chakula kinapoa.

Nyumbani, mama yake alimwambia alichokijua, nacho hakikujaza kijiko. Alipokutana na huyo bwana, kamba ilikuwepo. Siku moja, akiwa bibi harusi mgeni anayetaka kuonekana hodari, alitaka kuifua. Mumewe aliichukua mikononi mwake taratibu na kuitundika juu zaidi. Hilo tu. "Nenda kwa Mzee Dawa," alimshauri. "Hao wawili walikula sahani moja utotoni. Leo wanasalimiana, wanauziana spiriti, wanazikana. Lakini umeshawahi kumwona Mzee Dawa kwenye kile kiti?"

Mwalimu hakuwa amewahi kumwona. Wala hakuhitaji kuambiwa zaidi, maana nywele za Mzee Dawa zilikuwa ushahidi unaotembea. Alinyolewa na mtu wa upande wa pili wa mji, na kila mwezi alirudi na ngazi nyuma ya kichwa. Mwanamume mwenye duka la dawa, nadhifu hadi kucha, kukubali kutembea na kichwa kile miaka yote wakati kinyozi bora yuko milango michache kutoka kwake, hilo halikuwa jambo dogo.

Duka la dawa lilikuwa na harufu ya menthol na karatasi mpya. Mzee Dawa alikuwa nyuma ya kaunta, ameshusha miwani, anahesabu vidonge kwa kisu cha bapa. Mwalimu alimwamkia, akapewa kiti, akaulizwa habari za shule. Alipotaja Udugu, kisu kilisimama.

"Baba yako amekutuma?"

"Baba hajui kama niko hapa. Na angejua asingesema."

"Hilo naliamini," alijibu mzee, bila kicheko.

Lakini alikuwa na hamu ya kusimulia kuliko alivyotaka ionekane, na polepole alimpa kisa kizima. Kwanza kabisa, alisema, asidanganywe na mtu: Udugu wa Fundo uliasisiwa na Redio. Yeye ndiye aliyeutoa kichwani mwake. Kundi la skauti siku hizo lilikuwa limejaa vijana wanaopenda kupiga saluti na wasiopenda kuosha sufuria, na Redio akaja na wazo la chama cha watakaofanya kazi kimya. Vijana walianguka wakicheka. Kimya? Yeye, ambaye hata usingizini alikuwa akisimulia? Redio alikasirika, na kwa hasira hiyo akatunga kanuni kali kuliko alivyokusudia. Aliyefungwa hasemi, haandiki, haelezi hata kwa ishara, mpaka afunguliwe. Kamba haikatwi. Na hakuna anayeruhusiwa kulifungua fundo isipokuwa aliyelifunga, kwa mkono wake mwenyewe.

Walikuwa watano. Waliketi kwa mstari, kiongozi wao akamfunga wa kwanza, na kila mmoja akamfunga aliye kushoto kwake, Redio akiwa wa mwisho. Mzee Dawa alimfunga Redio.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutengeneza daraja la miguu nyuma ya kilima na kufyeka njia mpya ya kulifikia. Ile ya zamani, iliyokuwa ikiporomoka, waliiziba kwa matawi ya miiba. Walifanya kazi mchana kutwa, wakiongea kwa nyusi. Jioni wanne walirudi kambini wakiyaacha majembe na mapanga mikononi mwa Redio, ambaye zamu yake ilikuwa kukusanya vifaa. Moto ukawashwa. Wakafunguana mmoja mmoja. Redio hakutokea. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, na hakutokea. Vifaa vilikutwa vimepangwa vizuri kando ya njia, lakini mwenyewe hayupo.

"Nilikaa kwenye moto ule mpaka ukawa majivu," Mzee Dawa alisema. "Nilikuwa nimewaapia wenzangu kwamba atamaliza. Mimi peke yangu nilimwamini. Asubuhi akaja, ana matope hadi magotini, anatabasamu. Nikamuuliza ulikuwa wapi. Kimya. Nikamuuliza umetoroka? Kimya. Kiongozi wetu naye akamuuliza. Kimya. Halafu unajua alifanya nini? Akaninyooshea mkono, kama mtu anayetaka tushikane tu yaishe. Nikampa kisogo. Nikauacha mkono wake hewani."

Mwalimu alifikiria darasa lake. Kuna siku alikuwa amewaamuru watoto wanyamaze, asimsikie mtu, kisha akamgeukia msichana wa dawati la mbele na kumuuliza kwa nini hana daftari. Msichana alimtazama tu, midomo imebanwa, machozi yanalengalenga. Alimuuliza tena kwa ukali zaidi. Ni mtoto wa nyuma aliyesema: Mwalimu, umemwambia anyamaze.

"Baba mdogo," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Asubuhi ile ulipomuuliza, kamba ilikuwa wapi?"

"Mkononi mwake. Itakuwa wapi tena?"

"Imefungwa?"

"Imefungwa. Nani angemfung—"

Mzee Dawa aliikatisha hapo sentensi yake. Alivua miwani, akaiweka juu ya vidonge, akaivaa tena. Mteja aliingia akiomba dawa ya kikohozi, akatazamwa kama mtu aliyeomba mwezi, akaondoka polepole.

"Mkono ule," mzee alisema mwishowe.

"Hakutaka mshikane, baba mdogo. Alitaka umfungue ajibu."

"Na mimi nilitaka ajibu ndipo nimfungue."

Kisha Mzee Dawa akaanza kutikisika mabega, na Mwalimu akashindwa kujua kama mzee analia au anacheka, mpaka alipoona ni vyote viwili. Lakini fahari ilimrudia upesi. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika, kama huyo mpumbavu alikuwa amekaa kimya miaka yote hiyo kwa sababu ya kanuni tu.

"Kanuni aliitunga yeye," Mwalimu alijibu. "Mlimcheka kwamba hawezi."

Hakumwomba amfuate. Alisimama, akaaga, na alipofika kizingitini alisikia kaunta ikifungwa kwa ufunguo.

Redio alikuwa anamalizia kumnyoa fundi wa viatu, yuko katikati ya habari ya kuku aliyeibwa, mlango ulipotiwa kivuli. Alimwona Mzee Dawa kwenye kioo. Habari ya kuku ikafa hapo hapo, na fundi wa viatu, ambaye alitaka kujua mwizi ni nani, hajaambiwa mpaka leo. Alifutwa shingo na kusindikizwa nje na poda upande mmoja.

Mzee Dawa hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari, akauondoa mkanda, akakishika kitanzi. Kisha akamgeukia mwenzake na kusubiri. Redio aliufuta mkono wake wa kushoto kwa taulo, kila kidole peke yake, akaunyoosha. Kitanzi hakikuweza kupita kiganjani, kwa hiyo Mzee Dawa alikilaza tu juu ya kifundo cha mkono, mahali pake, akaanza kulishughulikia fundo.

Halikufunguka. Lilikuwa limelowa kwa mvua ile na kukaukia miaka hamsini. Kucha zake nadhifu ziliteleza. Alijaribu meno, na meno hayakuwa yake. Kwenye rafu, mbele ya macho yao, palikuwa na nyembe za kukata hata unywele mara mbili, na hakuna aliyezitazama. Mama yake Mwalimu, aliyekuwa ameambiwa na fundi wa viatu kwamba kuna ugomvi, aliingia na kukuta wazee wawili wameinamia mkono mmoja kama wanaotoa mwiba.

"Nikusaidie, baba mdogo?" Mwalimu aliuliza.

"Mtu asiguse," alisema Mzee Dawa.

Ndipo Mwalimu alipochukua kichupa cha mafuta ya mashine, akatia tone moja juu ya fundo bila kuligusa, na jingine. Wakasubiri yanyweke. Mzee Dawa alisukuma uzi kwa kidole gumba, akauvuta, akausukuma tena. Kitu kikalegea. Mzunguko wa kwanza ukatoka, wa pili ukafuata, na kamba ikalala juu ya mkono wa kinyozi, imepinda kwa mazoea lakini imefunguka.

"Haya," Mzee Dawa alisema, na sauti yake ilikuwa ya kijana mwenye hasira. "Ulikuwa wapi?"

Redio alifungua mdomo. Akaufunga. Kwa mara ya kwanza mkewe alimwona amekosa pa kuanzia.

"Nilikuwa namrudisha msuka vikapu nyumbani kwake," alisema.

Kisha yakafuata yote. Alikuwa anakusanya mapanga aliposikia fimbo inagonga kwenye miiba. Ni mzee asiyeona, aliyepita njia ile tangu utoto, anaijua kwa nyayo zake, na sasa njia haipo. Wao ndio walioiziba, na katika busara yao yote hakuna aliyemkumbuka. Mzee anauliza kuna nani hapo. Redio yuko hatua chache, mdomo umefungwa. Angesema pita kushoto, basi, angefika. Neno moja. Na wenzake wangesema Redio hakuweza hata siku moja. Akamshika mkono badala yake. Akampitisha njia mpya, daraja jipya, kilima kizima, mpaka mlangoni, na walipofika mvua ikashuka na mto ukafunga njia ya kurudi. Akalala kwenye vikapu.

"Na kamba uliitoaje bila kuifungua?" Mwalimu aliuliza, maana hilo lilikuwa limemkaa tangu utoto.

"Povu la sabuni. Nilikuwa mwembamba kama spoku ya baiskeli. Ilianza kunikata, na kanuni ilisema isikatwe, isifunguliwe. Haikusema isivuliwe." Alimgeukia Mzee Dawa. "Mama yangu alikuwa mgonjwa, nisingeweza kukaa bubu nyumbani. Nikasema, haya, nitaongea mengine yote, hili moja nitalishika mpaka uje. Nilidhani utakuja kesho yake."

Mzee Dawa aliketi kwenye kiti cha kinyozi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Alikaa akijitazama kwenye kioo, na ngazi zake.

"Ungekuja wewe," alisema.

"Nije nikuambie nini? Nilikuwa nimefungwa."

Redio akakung'uta kitambaa, akamfunga shingoni, akawasha mashine. Alianza kuzisawazisha ngazi moja moja, na huku ananyoa alikuwa anamwelezea msuka vikapu, mlango wake, mbwa wake, namna alivyokunja miguu kwenye vikapu, na nani alisema nini kwenye kambi ile miaka hamsini iliyopita. Mkono wa kushoto ulikuwa umepata kazi mpya, na kila ulipopita mbele ya kioo Mwalimu aliona alama nyembamba kifundoni, au alidhani ameiona. Mzee Dawa alivumilia. Alipogeuzwa upande wa pili, akapata nafasi ya kupumua.

"Sasa naona kwa nini nilichelewa kukufungua," alisema.

Katibu alipata historia mpya jioni ile ile, kutoka kwa Mzee Dawa mwenyewe, ambaye kichwa chake kilikuwa nadhifu kiasi kwamba kijana wa benki hakumtambua kwanza. Ndivyo ilivyosomwa uwanjani, mbele ya wazazi na wanafunzi: waasisi walikuwa watano, na wote watano walimaliza, mmoja akichukua muda mrefu zaidi. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka. Aliwasikia wazee wa nyuma wakiligeukia benchi lao, na safari hii hakujali wakitazama.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mchana ule, kwenye duka la kinyozi, kulikuwa na jambo moja alilolisahau Redio mpaka alipokuwa anatia poda.

"Yule mzee," alisema, "alinishika mkono akaigusa kamba, akaniuliza jina mara tatu, sikujibu. Akadhani mimi ni bubu. Basi njia nzima, kilima chote, ananiombea. Mungu ampe kijana huyu kauli. Mungu amfungue ulimi."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kutia neno, aliketi kwenye benchi na kushika kichwa.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Na aliomba kilima chote."